Nani Alisema Neno Hilo?

Sisi watu wa Idjwi tunakaa katikati ya maji. Mashariki twaona milima ya Rwanda, magharibi twaona milima ya Kalehe; kusini ni njia ya Bukavu, kaskazini ni njia ya Goma. Daraja hakuna. Chumvi, sabuni na nguo hutufikia kwa mtumbwi, nasi twapeleka mananasi, maharagi na kahawa kwa njia ile ile. Na habari za serikali, za vita na za uchaguzi zimezoea kuja hivyo hivyo. Zashuka ufukoni pamoja na mizigo, zapanda sokoni, na kabla ya jua kuchwa zimekwisha kufika mlimani. Siku hizi telefoni imeongeza mwendo wake, lakini jambo ni lile lile.

Basi, wasomaji wapendwa, tunataka kuzungumza nanyi juu ya swali moja. Kwa nini twakubali neno hili la siasa na kulikataa lile? Wengi watajibu: «Twakubali lililo la kweli, twakataa la uongo.» Ni jibu zuri, lakini sivyo tufanyavyo. Mara nyingi hatuna njia ya kujua. Mkulima wa Idjwi atakwendaje Kinshasa kutazama kama mapatano yale yametiwa sahihi? Kwa hiyo hatuanzi kwa kulipima neno. Twaanza kwa kumpima msemaji. Twauliza: Nani alisema? Tukimwamini, neno lake lapita mlangoni. Tusipomwamini, labaki nje, hata kama ni la kweli.

Je, ni vibaya kufanya hivyo? Hapana. Mama akinunua sambaza sokoni huwatazama samaki, lakini humtazama na muuzaji vilevile: je, juma lililopita alimpimia vizuri? Hiyo ni akili. Wazee wetu, wale wa Rubenga kaskazini na wale wa Ntambuka kusini, walitaka kujua ni mjumbe gani aliyeleta neno la mwami, ni mtoto wa nani, na amekaa wapi. Hawakuwa wajinga. Ubaya waanzia pahali pengine, nasi tutafika huko. Kwanza tutazame mambo mawili yaliyotokea karibu nasi.

Askofu aliyelipa bei ya neno lake

Mwezi wa Agosti 1998 vita vilianza tena, na nchi yetu ya Kivu ikatawaliwa na RCD, chama kilichosaidiwa na Rwanda. Chama hicho kilikuwa na askari, ofisi, mihuri, na redio ya serikali mjini Bukavu. Kilisema kimekuja kuwakomboa watu. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko hakuwa na vitu hivyo. Alikuwa na mimbari na kalamu tu. Alizaliwa mwaka 1932, akawa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, na mwaka 1997 akatumwa Bukavu kushika nafasi ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996.

Kwa Noeli ya 1999 aliwaandikia wakristu wake barua. Alisema wazi kwamba wageni wenye nguvu, wakishirikiana na ndugu zetu wengine Wakongomani, wanaendesha vita kwa mali ya nchi hii; na mali hiyo ndiyo ingalifaa kufundisha watoto wetu na kuponya wagonjwa wetu. Mwanzo wa mwaka 2000 mji wa Bukavu ulifanya mgomo. Wakubwa wa RCD walimshtaki askofu kwamba anachochea chuki ya makabila. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia asirudi kwa watu wake, akapelekwa Butembo. Huko alikaa miezi saba. Alirudi Bukavu tarehe 14 Septemba akapokewa na umati mkubwa. Kisha alikwenda Roma, akafa huko tarehe 4 Oktoba 2000.

Sasa tuulize: kwa nini neno la mtu mmoja asiye na bunduki lilipokelewa, na neno la chama chenye redio likakataliwa? Sisi twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza, alikaa pamoja na watu. Aliyoyasema hakuyasikia kwa wengine, aliyaona. Sababu ya pili, hakupata faida. Mtu akisema neno linalomletea pesa au kiti, twalipokea kwa mashaka. Lakini akisema neno linaloweza kumtoa nyumbani kwake, na bado akalisema, twajua kwamba yeye mwenyewe analiamini. Sababu ya tatu, neno lake lilifanana na mambo yaliyokuwa mbele ya macho. Redio iliwaambia watu kwamba amani imefika. Mama aliyenyang'anywa mzigo wake njiani asubuhi ile hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha kama ni kweli.

Tuziweke sababu hizi tatu moyoni: kuwapo pahali pa jambo, kutotafuta faida, na kupatana na yaonekanayo. Ndizo mizani ya msemaji.

Neno la kweli katika kinywa kisichoaminiwa

Jambo la pili lina huzuni zaidi, maana hapa neno lilikuwa la kweli, na watu walilikataa.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Kivu ya Kaskazini. Watu wa Beni na Butembo waliambiwa wanawe mikono, wawapeleke wagonjwa mapema, wasiwaguse maiti, wapokee chanjo. Mwezi wa Septemba wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa miji hiyo miwili. Mmoja katika kila wanne alijibu kwamba Ebola si kitu cha kweli. Na chini ya mmoja katika kila watatu aliamini kwamba wakubwa wa mahali wanatetea faida ya raia. Tena ilionekana kwamba wale wasiowaamini wakubwa ndio waliokuwa wazito kuipokea chanjo na kufuata maonyo.

Tusiwacheke ndugu zetu wa Beni. Tangu mwaka 2014 walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga na risasi. Waliahidiwa ulinzi mara nyingi, na mauaji hayakwisha. Halafu ugonjwa ukaja, na magari mengi yakaja pamoja nao. Wakasema: «Hawa hawakuja tulipochinjwa. Mbona wamekuja upesi hivi kwa ajili ya homa?» Swali hilo halikuwa la kijinga.

Kisha jambo la siasa likaongeza moto. Uchaguzi wa rais ulikuwa umewekwa tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla yake, tarehe 26, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo. Watangoje mpaka mwezi wa Machi. Sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini watu waliona kwamba masoko yamefunguliwa, makanisa yamejaa, na wagombea walikuwa wamekuja kufanya mikutano. Kwa nini basi ugonjwa ukataze kura tu? Siku iliyofuata watu wenye hasira walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Na tarehe 30 wenyeji wa Beni walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe, kuonyesha kwamba wao pia ni raia. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019. Mwezi wa Machi ulipofika, kazi ya kumchagua rais ilikuwa imekwisha bila wao.

Mwaona mambo yalivyokwenda? Kinywa kimoja kilisema maneno mawili: «Ebola yaua,» na «Kwa sababu ya Ebola hamtapiga kura.» Watu waliotilia mashaka neno la pili wakalitupa na la kwanza pamoja nalo. Ugonjwa haukungoja. Ulifika Goma mwezi wa Julai 2019, na mwezi wa Agosti ukafika Mwenga, katika Kivu yetu ya Kusini. Sisi tunaokaa kati ya Goma na Bukavu tuliona unatuzunguka pande mbili. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Ni nani waliosaidia kuifungua mioyo? Mmoja wao ni mgonjwa aliyepona. Alirudi mtaani kwake akisema: «Mimi nililala kule, nikanyweshwa dawa, na leo nipo.» Majirani walimjua, walimjua na mama yake. Wengi wa waliopona waliingia kazini kuwatunza wagonjwa na kuwalea watoto ambao wazazi wao walilazwa. Mwishoni watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa. Neno lililosemwa lilikuwa lile lile la mwanzo. Kilichobadilika ni kinywa.

Hapa wakubwa wapate fundisho. Imani ya watu haiwekwi akiba ya siku ya taabu tu. Anayewadanganya raia kwa jambo la kura, siku moja atataka kuwaokoa na kifo, nao hawatamsikiliza.

Jina laanguka majini

Mpaka hapa mtu aweza kusema: «Vema, nitamsikiliza msemaji mwema na kumkataa mbaya, basi.» Lakini sivyo rahisi hivyo. Sasa twafika kwenye ubaya tuliousema.

Mwaka 1951, katika Marekani, wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Yale, Carl Hovland na Walter Weiss, walitoa habari ya jaribio lao. Waliwapa wanafunzi makala za kusoma. Moja ilikuwa juu ya manowari ya kwenda chini ya maji kwa nguvu ya atomu: je, yaweza kutengenezwa sasa? Makala ilikuwa moja, lakini wanafunzi wengine waliambiwa imeandikwa na Robert Oppenheimer, mtaalamu mkuu wa atomu, na wengine waliambiwa imetoka katika Pravda, gazeti la chama cha Wakomunisti wa Urusi. Katika siku zile Wamarekani hawakuliamini gazeti lile hata kidogo. Mara baada ya kusoma, mambo yalikuwa kama tunavyofikiri. Waliolipata neno kwa mtu waliyemwamini waligeuza mawazo yao zaidi kuliko wale wengine.

Wataalamu wakangoja majuma manne, wakawauliza tena. Tofauti ilikuwa karibu imekwisha! Wale waliokuwa wamelikataa neno la gazeti wasiloliamini, wengine wao sasa walikuwa wakilikubali. Neno lilikuwa limebaki kichwani, lakini jina la msemaji halikushikamana nalo tena. Mwaka 1953 Hovland na mwenzake Herbert Kelman walifanya jaribio jingine, wakawakumbusha watu wengine ni nani aliyesema. Mara walipokumbushwa, tofauti ikarudi.

Wasomaji wapendwa, sisi wa kisiwani hatuna lazima ya kwenda Yale kuyaelewa hayo. Jumatatu twasikia neno bandarini kwa mtu anayejulikana kwa uongo. Twacheka, twaendelea na kazi. Juma la pili twalisikia tena kwa mwingine aliyelisikia kwa yule. Mwezi ukipita, sisi wenyewe twasema mbele ya watoto: «Yasemekana kwamba...» Yasemekana! Huyo Yasemekana ni nani? Hana baba, hana mama, hana kijiji. Alipanda mtumbwi akiwa na jina, na katikati ya ziwa jina likaanguka majini. Neno likafika ufukoni peke yake, safi, kama halikutoka kwa mwongo.

Wazee husema: «Lisemwalo lipo, kama halipo laja.» Ni methali yenye akili, lakini katika mambo ya siasa imewapoteza watu wengi. Kuna yasemwayo ambayo hayapo wala hayaji. Yametengenezwa na mtu anayetaka tukimbie tuache mashamba, au tumchukie jirani. Wengine husema: «Njia ya mwongo ni fupi.» Zamani labda. Siku hizi uongo wapita telefoni mia kabla mwenye kweli hajafunga kamba ya kiatu.

Twakumbuka mwanzo wa mwaka 2025, jeshi la AFC/M23 lilipoingia Goma mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Kila telefoni ilikuwa na sauti ya mtu. Mmoja alisema hivi, mwingine vile, na sauti nyingi hazikuwa na jina. Katika siku kama hizo mtu aweza kuamua kubaki au kukimbia, kulala nyumbani au ziwani, kwa sababu ya sauti asiyoijua. Huo si mchezo.

Waliotaja majina yao

Kuna wengine waliofanya kinyume cha Yasemekana. Radio Okapi ilianza kusema tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Mwandishi wa redio akimaliza habari yake, hutaja jina lake na pahali alipo. Ni kama kusema: Kama nimekosea, nitafuteni, mimi ndimi niliyesema. Serge Maheshe alifanya kazi hiyo Bukavu, akauawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo alifanya kazi hiyo hiyo katika mji huo huo, akauawa tarehe 21 Novemba 2008.

Hatusemi kwamba kila neno la redio ni kweli, wala kwamba mtu akiuawa basi hakukosea kamwe. Twasema tu kwamba mtu anayetia jina lake katika neno lake ametupa rehani. Asiyetia jina hakutupa kitu. Kwa nini basi tuwaamini sawasawa?

Tufanye nini?

Hatuwezi kukaa bila habari. Wala haifai kukataa kila kitu. Anayekataa kila kitu hudanganywa kama yule anayekubali kila kitu, maana naye ataiacha kweli ipite. Sisi nyumbani na katika jumuiya zetu ndogo tumeanza kujizoeza mambo machache, nanyi yajaribuni.

Kwanza, tulibebe neno pamoja na jina lake. Tusiseme «yasemekana», tuseme «fulani aliniambia, naye alisikia kwa fulani». Kama hatujui limetoka kwa nani, tuseme wazi: «Sijui limetoka kwa nani.» Maneno hayo manne hupunguza moto mwingi sokoni. Kumbukeni jaribio lile: mtu akikumbushwa msemaji, akili yake yarudi kazini.

Pili, tuulize kama msemaji alikuwapo. Aliona, au alisikia? Mtu aliye mbali sana aweza kutupigia telefoni na kutueleza mambo ya Bukavu kwa sauti kubwa kuliko anayekaa Kadutu. Sauti kubwa si macho.

Tatu, tuulize anapata nini. Wakati wa uchaguzi mgombea aja na mabati ya kanisa, na baada ya Misa aomba kusema «maneno mawili tu». Mabati ni mazuri, mvua ni nyingi. Lakini tufahamu: anataka kuazima kinywa cha padri. Anajua kwamba watu wamezoea kuamini yasemwayo pahali pale, na anataka imani ile imwangukie yeye. Wengine huazima bila kuomba: hutengeneza barua yenye muhuri wa kuiga na jina la askofu, wakaitawanya katika telefoni. Barua ya namna hiyo ikitufikia, tumwulize katekista au padri kabla ya kuituma kwa mwingine.

Nne, tusidanganywe na udugu wa lugha. Mtu akitusalimu kwa Kihavu, mioyo yetu yafunguka mara moja. Ni furaha, lakini si ushahidi. Mwenye lugha yetu aweza kutudanganya vizuri zaidi, kwa sababu anajua maneno yatupendezayo.

Tano, na hili ni gumu zaidi: tuwapime hata wale tunaowapenda. Mganga wa hospitali twamwamini kwa homa. Je, anajua zaidi yetu nani atafaa kuwa mbunge? Padri twamwamini kwa Injili. Naye ni mtu, aweza kuletewa habari mbaya kama sisi. Hata Askofu Kataliko hakuaminiwa kwa sababu ya kofia yake tu. Aliandika mambo ambayo kila mtu wa Bukavu aliweza kuyatazama mlangoni pake. Msemaji mwema hatukataziki kumchunguza. Yeye ndiye anayetupa njia ya kumchunguza.

Na mwisho, tusisahau kwamba sisi pia ni wasemaji. Baba mezani, mwalimu darasani, mama sokoni, kijana mwenye telefoni: kila mmoja ana watu wanaomwamini. Watoto wetu hawamjui waziri wa Kinshasa, wanatujua sisi. Tukisema neno mbele yao, watalichukua kwa heshima yetu, si kwa heshima ya yule aliyelitunga. Basi neno la mwongo likipita kinywani mwetu, sisi ndio tumelivika nguo safi.

Kesho mtumbwi utatia nanga tena, na mizigo itashushwa. Mwenye duka atasoma jina lililoandikwa juu ya kila gunia kabla ya kulipokea. Na neno litakaloshuka pamoja na magunia hayo tulifanyie vivyo hivyo.